Nondo wa Pindo Mbili

4 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Natumai umzima na ile shingo imeacha kukukaza. Sisi hatujambo. Baba yako goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linasahau.

Kile kitabu cha nondo mlichotaka kukitupa huko kazini makumbusho, ukaniletea mimi, kimeniharibia ustaafu. Nilidhani nikifunika cherehani baada ya miaka thelathini na minne nitapumzika. Sasa kila jioni baba yako ananiwashia taa juu ya ndoo, pale chini ya mpera, na ndani tunapanga trei za mayai ili nondo wakiingia wapate pa kujibanza. Asubuhi natoka na chai yangu, nainua trei moja moja. Nawatazama, nawafananisha na picha, naandika daftarini, kisha nawaachia majanini. Nimefikisha aina mia moja na kumi na mbili. Baba yako anasema tumefungua nyumba ya wageni.

Lakini kuna jambo. Nimekuwekea humu nondo wawili niliowakuta wamekufa. Kitabu kinawapa jina moja. Mimi nasema hawa si wamoja. Tazama mstari mweusi ukingoni mwa bawa. Kwa huyu wa kwanza umepita mara moja tu, kama upindo wa leso. Kwa wa pili umekwenda ukarudi, kama shuka iliyopigwa pindo mbili. Mwoneshe Daktari wenu wa wadudu. Mwambie mama anauliza.

Ni mimi,
Mama yako

19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Shingo imepona, na Baba mwambie pole ya goti.

Nondo wako nilimpelekea Daktari, nikamweleza na habari ya upindo. Unajua mimi kazi yangu huku ni kuchapa vibandiko vya majina ya wadudu. Sina kawaida ya kuingia ofisini kwake na bahasha mkononi. Aliwatazama mara moja. "Aina moja hii," akasema. "Huyu wa pili amechakaa tu. Mama yako ni mtu wa nini?" Nikamwambia fundi cherehani. Akacheka, si kwa ubaya, na wenzangu wakacheka naye. Tangu siku ile jina langu ni Binti Upindo.

Mama, naomba jambo hili liishie hapa. Huyu bwana ana miaka thelathini katika kazi hii. Kushona ni kushona na sayansi ni sayansi. Nimehangaika sana mpaka watu wa hapa wakanichukulia kwa uzito.

Usinielewe vibaya.

Kitinda wako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Najua simu huipendi, basi nikampigia Baba. Akaniambia, "Mama yako ana shughuli," akakata. Kama nimekukosea, nigombeze. Kunyamaziwa siwezi.

Kitinda wako

23 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima wote.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Uliniumiza, sikufichi. Siku mbili sikuigusa ndoo. Siku ya tatu nikajiambia: mteja akisema suruali imepinda, hugombani naye. Unaitandaza mezani, mnaitazama wote.

Nikapata jike mmoja wa upindo mmoja na jike mmoja wa pindo mbili. Nikawaweka kila mmoja kwenye chupa yake, wakataga. Viwavi walipotoka nikawapa majani ya kila kitu kilichomo bustanini. Watoto wa yule wa kwanza walikula mpera, wakakataa kila kitu kingine. Wa yule wa pili walikula michongoma ya uani, na mpera hata kuuonja hawakutaka; nilipowalazimisha, wanne wakafa, na hilo bado linanikera. Baba yako aliwajengea nyumba mbili za chandarua, akaandika mlangoni "Usibishe hodi."

Wiki iliyopita walitoka magandani na mabawa yao. Jike wa kwanza, watoto kumi na tisa, wote upindo mmoja. Jike wa pili, watoto kumi na mmoja, wote pindo mbili. Wapya kabisa, hakuna aliyechakaa.

Baadhi nimewakausha, wamo kwenye hilo boksi la baba yako linalokuja na barua hii, pamoja na maganda waliyotokea na daftari langu lenye tarehe. Ukiona huwezi kumpelekea, mrudishie baba yako boksi lake. Sitakulaumu.

Mama yako

5 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo, na kabla ya mengine, nisamehe. Niliona haya kwa ajili ya kazi ya mikono iliyonisomesha. Nimeisoma ile barua yangu kichwani mara nyingi, na kila mara natamani ungeichoma moto.

Boksi lilikaa chini ya meza yangu siku tatu. Ya nne nikalibeba hadi kwa Daktari, naye alikuwa na wageni wawili. Akasema, "Mama yako tena?" Wale wenzangu wakageuka kutazama. Nikaliweka boksi mezani kwake, nikasema, "Ndiyo, yeye tena. Safari hii ameleta na watoto wao."

Alifungua daftari lako kwa mkono mmoja. Ukurasa wa pili akavuta kiti. Kisha akamweka mmoja chini ya hadubini, akamtoa, akaweka mwingine, akamrudisha yule wa kwanza. Wageni wakaenda kula bila yeye. Saa tisa alinyanyua kichwa, akaniuliza, "Nani alimfundisha mama yako kuweka kumbukumbu hivi?"

"Vipimo vya wateja," nikamjibu.

Akalifunga daftari lako. "Nilimtazama yule nondo muda wa kumeza mate tu, nikajibu. Mwandikie kwamba nimekosea, mimi, si kitabu." Baadhi amewapeleka kwa mtaalamu anayewajua nondo wa jamii hiyo kuliko yeyote. Tungoje.

Kitinda wako

12 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama. Jibu limekuja: ni aina mbili, na yule wa pindo mbili hajawahi kuandikwa popote na mtu yeyote.

Daktari anasema droo zetu zina nondo arobaini na sita chini ya lile jina moja, wamechanganyika tangu kabla sijazaliwa. Anakuomba uje uwatenge. Alisema "namwomba," nimemnukuu. Njoo na Baba. Njoo na miwani.

Kitinda wako

20 Oktoba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai mlifika salama na goti la Baba limesahau ngazi zetu.

Tangu mlipoondoka watu hapa wanaisimulia ile siku kila mtu kwa namna yake. Mimi nasimulia niliyoyaona: wewe umekaa kwenye kiti cha Daktari, yeye amesimama anakushikia trei, na unasema "upindo mmoja, pindo mbili, pindo mbili," bila haraka, kama unayekagua nguo kabla mwenyewe hajaja kuzichukua. Na ulipofika kwa wale watatu waliolika mabawa, Daktari akasema, "Kisia tu," nawe ukamjibu, "Sikisii. Hawa sijui." Mzee wa watu akaandika "hawajulikani" bila kubisha.

Jana nimemaliza kuchapa vibandiko. Mstari wa mwisho wa kila kibandiko huandikwa aliyemtambua mdudu. Miaka sita nimechapa hapo majina ya madaktari na maprofesa, sijawahi kuchapa lingine. Jana nimechapa jina lako mara arobaini na tatu. Mashine ingeweza kulirudia yenyewe. Sikuiruhusu.

Binti Upindo

2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja nikashindwa kuendelea na kazi. Baba yako ameisoma kwa sauti kibarazani mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Leo asubuhi ndooni nimemkuta mmoja mdogo, rangi ya majivu, ana doa jekundu begani. Kitabu nimekipekua chote, hayumo. Sikutumii. Ametulia kwenye chupa, anakula asali.

Mwambie Daktari aje mwenyewe, na aje na viatu vya matope.

Mama yako