Mkebe wa Nywele

Iguhu, 6 Februari 1995

Mwanangu Wanzala,

Hujambo huko chuoni Nairobi? Mimi mzima, ila viganja vimekuwa vigumu.

Tulimzika baba yako Novemba, nawe ukaondoka kesho yake, kabla hatujanyolewa nywele za matanga, eti wanafunzi wanangoja. Profesa mzima wa kesi za sumu. Dawa ya kijani wanayolowekea nguzo za stima pale kiwandani bado inatiririka kwenye kijito chetu. Meneja wao Osundwa alisimama kando ya jeneza akasema, "Maji haya ni safi, hata mimi ninakunywanga." Namtaka kortini, aape, kisha aumbuke mbele ya Iguhu nzima. Hasira yangu haijapoa na sitaki ipoe.

Mama yako

Nairobi, 20 Februari 1995

Mama mpendwa,

Pokea salamu za heshima. Nisamehe ile safari ya haraka. Hata mimi namtaka Osundwa. Miaka kumi na miwili nimewapigania watu wa mbali, na Baba akafa kwa kitu ninachokifundisha. Lakini korti inataka ushahidi, na njia iliyo wazi ni kumfukua Baba apimwe. Nywele nazo hutunza sumu: hukua kidogo kila mwezi, na alichokunywa mtu mwezi huo hubaki humo. Bahati mbaya, zake tulizizika pamoja naye. Tafadhali msinywe tena maji ya kijito. Tekeni kwenye bomba la hospitali.

Mwanao, Wanzala

Iguhu, 3 Machi 1995

Mwanangu,

Salamu nyingi, sisi tupo. Baba yako hafukuliwi, usiniandikie tena neno hilo. Lakini nywele tunazo. Siku ile uliyokimbia, shangazi yako Edah alitunyoa sote tuliokuwa tukinywa kijito pamoja na marehemu. Nywele za matanga hazitupwi ovyo, mwenye chuki akiziokota umekwisha. Kila mtu alifungiwa zake kwenye kitambaa, tukazifukia ndani ya mkebe nyuma ya jiko. Leo nimeufukua. Edah anauleta mwenyewe kwa basi.

Mama yako

Nairobi, 15 Julai 1995

Mama mpendwa,

U hali gani? Viganja je? Nywele zote zina sumu, zako kuliko za wote. Lakini Osundwa ameapa kwa hati ya kiapo kwamba mfereji wa kiwanda unaoingia kijitoni waliuziba mara tu baada ya mazishi. Siku wapimaji walipokuja, maji yalikuwa safi. Nadhani wanaufungua watu wakishaondoka. Nywele za mkebeni zinaishia Novemba, haziwezi kumkanusha. Wakili wake anataka tuyamalize kimya kimya, Osundwa asipande kizimbani. Nafikiria kukubali. Njoo Nairobi utibiwe.

Mwanao, Wanzala

Iguhu, 2 Agosti 1995

Mwanangu,

Salamu. Usikubali.

Ulipoandika kwamba nywele hutunza sumu ya kila mwezi, niliisoma barua ile mara tatu. Edah na watoto wanateka bombani, kama ulivyoagiza. Mimi sikuacha kunywa kijito hata siku moja, na nilijua ninachokunywa. Novemba nilinyolewa kipara. Kila unywele nilio nao leo umeota baada ya huo mfereji wake kuzibwa, na sijakata hata ncha.

Usinikaripie, tumeshachelewa. Miguu hainifikishi tena Kakamega kupanda basi, kwa hiyo njoo na daktari wako na mkasi. Kisha mpandishe Osundwa kizimbani, umwulize aliapa nini.

Na safari hii usikimbilie wanafunzi. Kaa mpaka mnyolewe kwa matanga yangu.

Mama yako