Kwa Baba Ludovick, Mpenzi wa Nyimbo za Taratibu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile hospitalini Flemingsberg, Mama akiwa amekushika mkono.

Ulikuja Sweden ukiwa kijana, kusomea ufundi wa treni, ukabaki. Wema wako hukuutangaza. Jirani yetu Mama Libérate bado anasimulia jinsi alivyofika mtaani kwetu Rågsved kutoka Burundi katikati ya baridi, ukamvika koti lako, wewe ukaenda kazini na sweta mbili.

Jumapili baada ya kanisa zilikuwa za santuri. Ulipenda nyimbo za miaka ya hamsini, zile ambazo Babu alizipiga kwenye gramafoni kule Bukoba: mwimbaji anabembeleza, fidla zinamfuata polepole, na kila neno linasikika. Ulikuwa ukisema kwamba roki ilipoingia, watu waliacha kuimba wakaanza kugombana. Ulisogeza meza, ukamwinua Mama, mkacheza jikoni mpaka chai ikapoa.

Ndipo binti yako Anitha akanunua gitaa la umeme. Ulimwambia huo si muziki. Naye akakujibu kwa Kiswidi, maneno ambayo Mama hapendi yarudiwe, akahamia Hallonbergen, upande wa pili wa jiji. Simu zikakoma. Baridi ikapita, nyingine ikaja. Mama alivumilia, hadi Jumapili moja ulipomnyooshea mkono, akabaki ameketi.

"Sichezi na wewe tena, Baba Anitha, mpaka uende ukamsikilize mwanao."

Ulijaribu kuligeuza mzaha. Mama hakucheka. Aliendelea kumenya ndizi, ingawa hakuwa amezoea kukukatalia na hakujua ungefanyaje. Ulizima santuri, ukaenda kusimama dirishani.

Wiki iliyofuata ulivaa suti yako ya kijivu, mkapanda treni pamoja mpaka ukumbi mdogo wa vijana kule Hallonbergen, ambako Anitha alikuwa akiimba. Mama anasema ulikaa mstari wa mbele, pamba masikioni, kofia magotini, kama mtu aliye msibani. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa taratibu. Ulitoa pamba.

Anitha aliposhuka jukwaani alisimama mbali, asijue aje au aondoke. Wewe ndiye uliyemfuata.

"Mwanangu, yale makelele sikuyaelewa," ulimwambia. "Lakini sauti hiyo ni ya bibi yako. Nisamehe nimechelewa kuja kuisikia."

Alikuangukia kifuani akalia. Mama aligeukia ukutani ili msimwone. Tangu siku hiyo, kila Anitha alipoimba ulikuwapo, na ukiulizwa unafanya nini kati ya vijana wale, ulijibu kwamba umemleta mkeo, yeye ndiye anayependa roki.

Mwaka huu Mama hajaweza kuzigusa santuri zako, nasi hatumharakishi. Tulipomuuliza tukwambie nini kwa niaba yake, alitazama mikono yake, kisha akasema:

"Mwambieni bado nalala upande wangu wa kitanda."

Unakumbukwa na mkeo Domina. Wanao Anitha na Gervas. Mjukuu wako Tania, ambaye bado anakuita morfar, babu kwa Kiswidi. Mama Libérate na majirani wote wa Rågsved. Na ndugu zako wa Bukoba.

Umo mioyoni mwetu siku zote, Baba. Pumzika.