Hamira Hujila kwa Njaa

Jumatatu, 3 Machi 2025. Siakago.

Miaka thelathini na miwili tangu wezi wa mifugo watutoe Muthara. Nimeanika tena vipande vya muratina, tunda la mwegea, ndivyo vinavyobeba hamira ya pombe ya asali. Mzee anayerejea kwao haendi mikono mitupu. Aprili naenda, kukaa.

Hamira kidogo nimeitia kwenye maji matupu. Siku ya pili sasa, ina njaa. Kwa darubini yangu ya ualimu naona seli na vakuoli, kile kifuko kikubwa cha ndani, basi. Mengine nayajua kwa kusoma. Seli ikikosa chakula, utando huota kuzunguka sehemu zake yenyewe, hata mitokondria inayoipa nguvu. Utando hufunga kama gunia, ukaingiza mzigo kwenye vakuoli. Humo vimeng'enya huuvunjavunja, na vipande hurudi kujenga kinachohitajika. Uzuri mtupu.

Jumatano, 5 Machi.

Binamu amepiga simu kutoka Muthara. Nyumba yangu haipo. Mdogo wangu Mutuma ameibomoa. Mabati, boriti, milango, vyote amejengea jiko lake na zizi la mbuzi. Nyumba ya mshahara wangu wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi.

Nimempigia Mutuma. Hata hakukana.

"Mwalimu, nyumba isiyowashwa moto ni kuni tu. Njoo ulale jikoni kwangu. Mabati ni yale yale, hutayakosa!"

Akacheka. Nikakata simu.

Mpumbavu. Ana trekta, ana ng'ombe wa maziwa. Hamira hujila kwa njaa; yeye amekula akiwa ameshiba. Seli huvunja kilicho chake. Yeye kavunja changu. Namchukia. Naandika hivyo bila aibu.

Jioni. Mke wangu Karimi anasema Mutuma aliporudi kule nilimpa ufunguo, sikumpa mtu wa kukaa ndani. Miaka yote hiyo. Ni kweli, na ndiyo maana nimemfokea.

Ijumaa.

Hasira bado. Sikula.

Jumapili, 9 Machi.

Mawingu upande wa mlima. Jirani yetu Njeru alipita baada ya kanisa kuuliza kama ang'oe visiki shamba la chini, kwa kuwa nilimwahidi alilime nikishaondoka. Nilimwomba radhi. Nitapanda ndengu mwenyewe. Alisema, "Sawa, mzee," akanywa chai, akaenda.

Karimi anachagua mbegu. Sitarudi Muthara.