Mababu Saba wa Faili

At-Bashy, Jumapili

Mwanangu mpenzi Janysh,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, ni magoti tu. Babu yako mzima, bado anatafuna maandazi ya boorsok kwa meno yake mwenyewe. Baba yako mzima, yuko malishoni na farasi. Shangazi Sonun anakusalimu na analalamika humpigii simu. Nyinyi huko Kazan je? Mkeo Jibek na tumbo lake wanaendeleaje? Mwambie avae soksi za sufu.

Mwanangu, nina habari ya furaha. Dada yako Begaiym hafukuzwi tena.

Kazi yake Bishkek unaijua. Vipimo vya joto la kule kwenye barafu ya mlimani vimo katika mafaili ya zamani, naye huyageuza yawe ya aina mpya ili kompyuta za sasa ziyasome. Majuzi wataalamu wageni waliyasoma wakacheka: kwa namba zile, mto wetu wa barafu unachemka. Mkuu wao, Toktobek, akasema aliyeyagusa mwisho ndiye mharibifu, aondoke.

Sasa sikia. Faili likigeuzwa, juu yake huandikwa mstari: nani kafanya nini, na lini. Mpya juu, wa zamani chini. Wenzake huifuta mistari hiyo, eti uchafu. Yeye hafuti. Walimtania kwamba analitafutia faili mchumba, ndiyo maana anataka ukoo wake. Akawajibu kuwa babu alimfundisha kutaja mababu zake saba kabla hajajua kufunga viatu, na asiyewajua wake ni mtumwa.

Basi kwenye kikao cha kumfukuza akafungua faili, akasoma. Mstari wake: kageuza aina, namba hakugusa. Wa chini yake: namba zimezidishwa kwa kumi, na Toktobek. Mzee mmoja wa ofisini akasema, “Kumbe baba mzazi ni wewe, mkuu.” Wakacheka mpaka Toktobek naye akacheka, akavua kofia, akamwomba radhi. Sasa ni marufuku kufuta ukoo wa faili.

Jambo lenyewe nimeliweka mwisho. Jana wazee walikuja kunywa kymyz ya maziwa ya farasi wetu, wakamwomba babu ataje ukoo wetu. Sisi wanawake hatutajwi, unajua. Sisi ni wa kwenda kuolewa kwa watu. Babu akapangusa ndevu, akaanza: “Begaiym, wa Asanbek, wa Moldokul...” Akashuka hadi wa saba. Mimi nikatoka kama naangalia ng'ombe.

Jibek akijifungua, awe wa kiume awe wa kike, leta jina siku hiyohiyo. Babu anasema mstari wa juu uko wazi, na yeye si wa kungojeshwa.

Mama yako akupendaye,
Gulsun