Injini ya Silinda Nane Ndani ya Gari la Papa Anselme

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Asubuhi magari manne uani kwetu, ofisi ya kusajili magari. Karatasi nyembamba juu ya namba ya injini, penseli laini, sugua mpaka tarakimu zitokee. Linganisha na kadi ya gari. Muhuri. Zote nne sawa. Nilirudia kila moja mara mbili. Mwenzangu wa meza ya pili anasema ninachelewesha watu. Wachelewe.

Saa tisa nilipita mtaa wa Nyakasanza, kwa Papa Anselme fundi. Alitaka orodha ya karatasi zitakazohitajika gari lake likikamilika. Ningeweza kumtumia kwa simu. Nilikwenda mwenyewe kwa sababu nilitaka kuliona tena.

Ni gari la Kimarekani, la milango miwili, kapo yake, kile kifuniko cha injini, ndefu kuliko kitanda changu. Limemzidi baba yangu umri. Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa kule Djugu aliliacha alipoondoka nchini, na dereva wake, ambaye ndiye baba ya Papa Anselme, akalitunza bandani chini ya magunia. Injini yake ilipasuka miaka mingi iliyopita. Familia ilipokimbia mauaji na kuja Bunia, lori lilibeba magodoro, sufuria, na ganda hilo la gari. Ndugu zake walimwambia ana wazimu. Sasa anatia ndani yake injini ya kisasa ya silinda nane, aliyoitoa kwenye jipu la Kijapani lililopinduka njia ya Mahagi.

Jumatano, tarehe 5

Nyaya. Sikujua kwamba injini ya siku hizi ni nyaya kuliko chuma. Papa Anselme ametandika shuka nyeupe chini mbele ya hangar, banda lake la kazi, na kuzilaza zote juu yake, zimetawanyika kama mizizi ya mti uliong'olewa. Zote zinaingia kwenye kisanduku kimoja cha bati, kadiri ya kitabu cha misa. Huo ndio ubongo. Bila huo injini haiwaki hata uipigie magoti.

Mchoro wa nyaya uko kwa Kifaransa. Yeye aliacha shule darasa la tano. Nilimsomea. Kisha akaniomba niandike majina kwenye vipande vya plasta vya kufungia vidonda, tuvibandike kwenye kila waya, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Niliandika sitini na viwili. Njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ndiye nitakayelikagua gari hili. Je, inaruhusiwa? Nimetafuta kwenye kanuni. Hazisemi kitu. Kanuni zinaponyamaza mimi huogopa zaidi.

Mkewe, Mama Vero, alinikuta nimepiga magoti kwenye shuka yake.

"Mama Leta," akasema, maana wote wawili wananiita hivyo, kana kwamba mimi ndiye serikali nzima, "weye pia amekuteka? Pole. Bibi mukubwa iko pale ndani ya hangar. Miye niko wa pili tu. Mwenzangu anakunywa mafuta, miye nakula sombe."

Papa Anselme hakuinua kichwa. "Lakini yeye hasemake mingi," akajibu.

Ijumaa, tarehe 7

Leo sikufanya kitu pale. Nilitazama tu.

Tumbo la injini, pale mafuta yanapokaa, lilikuwa linagonga chuma cha chini cha gari. Mtu mwingine angeshika nyundo. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulitazama kwa muda wa saa nzima. Akaenda kula. Akarudi, akatazama tena. Kisha akakata kipande cha boksi la sabuni, akakikunja, akakijaribu, akakipunguza, akakijaribu. Boksi lilipokaa sawa ndipo alipokata chuma. Kilikaa mara ya kwanza. Vishikio vya injini amevichonga kutoka springi ya lori. Rejeta ni ya lori pia. Bomba la moshi amelikunja kwa mkono, kwa moto na mchanga.

Nimesoma miaka kumi na saba. Sijawahi kutengeneza kitu chochote. Nasema ukweli.

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya wanawake. Tulivaa kitenge kimoja ofisi nzima na kuandamana. Jua kali. Baada ya hapo nilikwenda Nyakasanza na kitenge changu, viatu vimejaa vumbi.

Injini imewaka.

Mara ya kwanza ilikohoa ikazima. Alibadilisha waya mbili alizokuwa amezikosea, akafuta mikono, akanipa mimi ufunguo. Nilikataa. Akampa Mama Vero. Yeye aliuzungusha kama mtu anayefungua kabati lake. Sauti ilikuwa nzito na ya chini, niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Majirani walitoka. Fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara alivua kofia.

Papa Anselme alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Hakucheka. Alisema tu kwamba baba yake aliwahi kuisikia ya zamani, na kwamba hii ni tulivu zaidi. Nililia. Nilijificha nyuma ya mlango wa hangar.

Jumatatu, tarehe 10

Ukaguzi Jumatano. Nilipitia kuangalia kama namba ya injini inafikika. Iko kwenye bapa dogo ubavuni mwa bloki, imefunikwa na mafuta yaliyoganda na rangi. Nilimwambia, "Papa, usafishe hapo vizuri, namba isomeke." Akasema nisiwe na wasiwasi, nitaona mwenyewe.

Chef, mkuu wa ofisi yetu, amekwenda Aru kikazi. Anarudi Ijumaa. Nitakagua peke yangu.

Jumatano, tarehe 12

Namba haipo.

Nitaandika taratibu. Alifungua kapo kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayefunua meza ya wageni. Injini yote imeoshwa. Na lile bapa linang'aa. Amelisugua kwa mashine ya kusugua chuma, kwa sababu Leta inakuja, kwa sababu nilisema "vizuri". Niliuona uso wangu pale. Tarakimu mbili za mwanzo zinaonekana kidogo ukiinamisha tochi. Tano zilizobaki zimekwisha.

Aliniuliza, "Inangaa muzuri?"

Nilimweleza polepole. Injini iliyosuguliwa namba ndiyo alama ya kwanza ya injini ya wizi, kila karani anafundishwa hivyo wiki ya kwanza. Kanuni: gari linazuiwa, injini inatolewa, fundi anapelekwa polisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga kapo, bila kishindo.

"Miye sikujua," akasema. "Mutu anasafisha kitu, hafichi kitu."

Jumatano, usingizi hakuna

Nilisema "vizuri". Kwa nini nilisema "vizuri"? Ningesema kwa kitambaa na mafuta ya taa. Neno moja tu lilikosekana.

Alhamisi, tarehe 13

Sikula. Nimefanya kazi vibaya, nimegonga muhuri juu chini.

Kuna njia mbili. Ya kwanza: naandika kwamba nilikuta namba imesuguliwa. Ni kweli kabisa. Hakuna uongo ndani yake. Mimi ninabaki safi, na Papa Anselme analala kwa polisi, na gari linakwenda kwenye uwanja wa magari yaliyozuiwa, pale ambapo kila mlinzi hutoka na kipande. Ya pili: naandika ni nani aliyemwambia asafishe. Hapo watauliza kwa nini karani anapita kwa fundi kabla ya ukaguzi. Watauliza kuhusu vile vipande sitini na viwili vya plasta. Nina mwaka mmoja na miezi minne kazini. Nyumbani ni mimi peke yangu ninayeleta mshahara.

Mwoga. Nimeliandika neno ili nilione.

Mchana Mama Vero alikuja mpaka getini. Hakuingia. Aliniletea sombe, majani ya muhogo, kwenye bakuli lililofunikwa. Nilidhani atanisihi. Alisema tu, "Kula, Mama Leta. Umekonda kama waya." Alisema pia kwamba mumewe amekaa kwenye ile ndoo tangu asubuhi akitazama lile bapa, na kwamba amesema nisijitie matatani, yeye ameshaishi bila gari. Kisha akaondoka.

Ni afadhali angenitukana.

Ijumaa, tarehe 14

Chef amerudi, miguu imevimba kwa safari. Niliingia kabla hajavua koti. Nilikuwa nimeandika ripoti usiku, kurasa mbili. Hakuzisoma. Aliuliza maswali mawili.

Nani alisugua? Fundi.

Nani alimwambia? Mimi.

Nilieleza yote: nyaya, majina, Jumamosi ya kitenge, Jumatatu. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikukatika. Alinipa palepale barua ya kunidai maelezo kwa maandishi. Itakaa kwenye faili langu. Akaomba karatasi za forodha za lile jipu lililopinduka. Namba kamili ya injini imo. Akasema Jumatatu atakwenda mwenyewe kutazama.

Nimetoka nje na kukaa kwenye ngazi.

Jumatatu, tarehe 17

Chef alizunguka gari mara tatu. Alipiga tochi kwenye bapa, akainama, akalinganisha tarakimu mbili za mwanzo na karatasi. Sawa. Akatafuta namba hiyo kwenye orodha ya magari yaliyoibiwa. Haimo. Akampigia simu mwenye jipu lililopinduka, naye akathibitisha kwamba aliliuza lenyewe na injini yake.

Kisha akauliza jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote: rejeta ya lori iliingiaje pale? Papa Anselme akamwonyesha. Wakainama wote wawili. Walikaa hivyo nusu saa. Nilisikia chef akicheka. Mwaka mmoja na miezi minne, sijawahi kumsikia akicheka.

Uamuzi: namba itapigwa upya, mbele ya mashahidi watatu, na ripoti itasainiwa na wote. Kwa utaratibu wetu, anayeshika vyuma vya namba ni karani wa faili. Karani wa faili ni mimi.

Jumanne, tarehe 18

Imefanyika.

Vyuma vya namba ni vifupi kama kidole, kimoja kwa kila tarakimu, vinakaa kwenye kisanduku cha mbao. Karani anashika, mwingine anagonga. Papa Anselme aliomba agonge yeye. Chef akakubali.

Nilikitoa chuma cha kwanza, nikakirudisha kisandukuni. Alisubiri. Hakusema niharakishe. Alisema, "Mama Leta, nyundo haikujui. Inajua chuma tu." Nikashika. Akagonga mara moja kwa kila namba, pigo moja kavu. Tano zote. Saba ya mwisho imeinama kidogo upande wa kushoto, maana hapo ndipo nilipofumba macho. Chef alisogeza miwani. Alisema inasomeka. Papa Anselme alipitisha kidole gumba juu yake na kusema hiyo ndiyo hataisugua kamwe.

Nilisaini. Herufi zangu zilikuwa mbaya.

Jumatano, tarehe 19

Mvua asubuhi, kisha jua. Saa nane alikuja kuchukua kadi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mama Vero alikuwa mbele, kitambaa kipya kichwani, anatazama barabara kama mwenye barabara. Waliniambia watanifikisha nyumbani.

Nilikaa nyuma. Kiti kimeshonwa upya kwa turubai. Tulipanda boulevard, barabara kuu ya mji, taratibu; kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, askari alitazama kadi, akatazama kapo, akaturuhusu. Watu wa pikipiki walitufuata kwa macho. Injini ilikuwa inavuma chini kwa chini, bila kuhema.

Niliogopa njia nzima kuonekana ndani ya gari nililolipigia namba. Sikuomba kushuka.