Kaburi la Baba Kando ya Ziwa

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa wangu. Mguu wako umepona? Sisi tunapumua tu. Mama hainuki kitandani tangu juzi.

Mimi bado niko hifadhini, nafagia njia za miguu na kuwatembeza wageni kando ya ziwa. Nawasimulia habari za zile familia tisa zilizofyeka pori hili zikaweka makazi, hadi zikahamishwa. Picha ya Baba iko ukutani pale mapokezi: kashika shoka, kanuna kama kawaida yake.

Mwezi uliopita Mama alikuja ghafla. Alisema anataka kufika alipolazwa mumewe kabla macho hayajamzimikia kabisa. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye rundo la mawe karibu na matete. Akapiga magoti, akaongea naye kama mtu aliyerudi kutoka shambani: akampa habari zako, akamkaripia kwa kumwachia watoto watundu. Aliponyanyuka alikuwa anatabasamu. Miaka mingi sijamwona vile.

Sasa ameomba azikwe pale, ubavuni mwa Baba. Ndugu wote wameafiki. Hata mkuu wa hifadhi, tunayemwita Chuma kwa ugumu wake, amekubali. Kila mtu ananishukuru mimi.

Dada, pale hapana mtu. Yale mawe niliyarundika mwenyewe tulipokuwa tukisafisha njia. Walipotaka kujenga maegesho ya magari, msimamizi aliniuliza, "Wewe mwenyeji, hapa pana kaburi?" Nilikuwa kibarua wa siku tatu, nikaogopa wasije wakahamishia kazi kwingine. Nikajibu, "Hakuna." Tingatinga likapita. Nilisimama na koleo mkononi, sikufungua mdomo tena. Baba yuko chini ya lami, na kila asubuhi mimi ndiye ninayewaelekeza madereva pa kuegesha.

Nikimwambia Mama, nitamuua kabla ya siku yake. Nikinyamaza, nitamlaza peke yake. Jana aliniita, akanipapasa uso, akasema kaburi lake nilichimbe mimi, maana ndiye ninayeijua ile ardhi. Nikaitikia, "Ndiyo, Mama."

Njoo upesi, umkute. Mimi usinihurumie. Msalimie shemeji, na wapwa wangu uwakumbatie. Ya kwangu usiwaambie.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba