Mama Mumoja Tu mu Buku ya Biro

Mama mudogo,

Usishituke kuona barua. Wewe hukujua kusoma, na mimi kuandika nilijua nusu tu, kwa hiyo tuko sawa. Ile nusu ingine ilibaki kwa Padri siku alinifukuza shule ya Nyabiondo. Unakumbuka? Nilikuwa naiga kutembea yake mbele ya wenzangu, tumbo mbele, mikono nyuma, kumbe mwenyewe amesimama pale kwa mulango. Ulikuja kunichukua na fimbo mu mukono, na watu wote walizani nitakula fimbo ile. Tulipofika kwa mutelemuko, pahali hakuna muntu, ukasema, "Niigie na mimi, nione." Nikakuigia. Ulikaa chini mu majani ukacheka mpaka kikapo ya maharagi ikamwangika. Tukaokota maharagi moja moja mpaka jua ikainama, na wewe bado unaniambia, "Rudilia tena ile ya tumbo."

Juu ya kucheka yako ile njo nakuandikia. Kuko kitu nilikuficha miaka yote ulikuwa muzima, na nilikificha ndani ya kichekesho, sababu nilijua pale hautatafuta.

Dada yako mukubwa, ule alinizala, alikufa nikiwa bado nanyonya. Wewe ulikuwa musichana tu, hata bwana hauna, na wakakuwekea mutoto mu mugongo. Ulinitafunia ndizi mpaka nikapata meno yangu. Nilipokuwa mukubwa kidogo, mwalimu aliniuliza jina ya mama, nikasema yako, akasema huyo si mama, ni mama mudogo. Nilirudi nyumbani nikakuuliza mudogo wa nini, na mbona unakula kuliko mimi. Ulinirushia kijiko.

Basi. Unajua kwamba wakati Wabelji walikuwa hapa, vita yao ya kule kwao imekwisha, mimi nilikuwa karani mudogo kwa biro ya Shefu, ofisi ya chifu, Masisi. Kuandika yale wakubwa wanasema, na kupiga tampo, ule muhuri wa wino, njo kazi yangu. Kijiji yetu yote ya Ntoto ilijua, sababu kila mupita njia ulimushika kwa nguo, "Mutoto wangu njo anashika tampo ya Leta." Wengine wakisikia jina ya Leta, ile serikali ya Wazungu, wanakimbilia porini. Wewe ulilisema kama jina ya shemeji.

Halafu ndui ikaja. Kwanza watu walisema iko Walikale, mbali. Halafu wakasema imeshika muntu fulani, na ule fulani tulimujua, alikuwa anatuletea nyama ya nungu. Hapo Masisi ilibadilika. Watu waliacha kushikana mikono. Kila asubuhi muntu anatazama uso wake mu maji ya beseni mbele ya kunawa, anajigusa shingo, anajigusa paji. Siku moja Shefu aliingia biro na kipele moja chini ya kidevu, wembe njo ilimukata, lakini nani atauliza wembe? Tulitoka wote. Mimi nilitokea kwa dirisha, na tampo mu mukono. Tulicheka kesho yake, ndiyo. Lakini usiku ule sikulala, nilikuwa nakumbuka kama nilimusalimia karibu.

Njo wakaita baraza juu ya safari na konje ya wafanyakazi, ile ruhusa ya kuacha kazi siku kidogo. Alikuja Bwana Ajenti, Mubelji kijana, shingo nyekundu, walimutuma kusimamia mambo ya ndui. Akasema konje yote imekufa. Karani, polisi, watu wa barabara, hapana muntu kutoka Masisi. Akienda, atarudi na ndui mu nguo.

Shefu alisema pole pole, "Bwana, muntu mama yake akilala mugonjwa, utamushika na kamba?"

Ajenti akafikiri. "Mama, basi, ndiyo. Baba, ndiyo. Ingine yote, hapana."

Anselemu, karani mukubwa, akanyanyua kidole kama mwanafunzi. "Mama yupi, Bwana?"

"Mama yako."

"Niko nao sita."

"Sita? Nasema ule alikuzala."

"Bwana, wote walinizala. Mumoja njo alikuwa na tumbo."

Shefu akamuhurumia. "Bwana, usimukasirikie. Sita ni kidogo. Huyu ni kama yatima."

Walibishana mpaka saa sita. Muke wa baba mukubwa anahesabiwa? Dada za mama, wote ao wakubwa tu? Ajenti anapangusa shingo, anauliza, "Na huyo anaishi wapi? Na huyo?" Kila mama anaishi kwa mulima ingine. Karuba, Nyabiondo, Ntoto, kule chini mu pori. Nilikuwa naandika, na niliona sura za watu haiko za kucheka hata kama midomo inacheka. Kila muntu alikuwa anafikiri zile njia, na kitu gani inaweza kupanda na njia ile kumufuata.

Mimi mudomo yangu haijui kukaa. Nikasema, "Bwana, basi kila muntu achague mama mumoja tu, tumuandike mu buku. Wale wengine tuwapatie konje wao, wapumuzike kutuzala."

Baraza ilipasuka na kucheka. Ajenti hakucheka. Akanitazama, akasema, "Muzuri. Andika hivyo."

Njo hivi, mama mudogo, kichekesho yangu ikapigwa tampo ikakuwa sheria. Na tampo niliipiga mwenyewe.

Sasa sikia ujinga yetu. Mu kabati kulikuwa buku moja tu mupya, na juu yake Anselemu alikuwa ameisha kuandika kwa wino: WAFU WA NDUI. Ajenti aliigeuza chini juu, akasema majina ya mama tutaandikia nyuma, karatasi isipotee bure. Akatoka kwenda kula. Tukabaki tunatazama ile buku kama nyoka imelala mu meza. Nani ataandika mama yake anayepumua mu buku ya wafu? Anselemu alishika kalamu mpaka wino ikakauka, akachovya tena, ikakauka tena. Mwisho akaandika nyanya yake, aliyekufa zamani, zamani. Alipomaliza, nikaona mabega yake yanashuka. Nyuma yake sisi wote tukafanya vile vile. Mulinzi, polisi, muntu wa barabara, kila mumoja akatafuta mama kwa makaburi.

Mimi nikaandika dada yako. Nilisema mu moyo, wewe sitakuandika, buku hii isijue jina yako. Ile, mama, ilikuwa mapendo. Nakuapia. Yenye kufuata njo haikukuwa.

Ajenti alifurahi sana na ile buku. Majuma mawili hakuna mama hata mumoja aliyelala. Alisema wanamuke wa hapa wako na afya ya ajabu.

Halafu siku ya soko, muchuuzi wa chumvi kutoka Ntoto alisimama ngambo ya barabara, hakutaka kukaribia. Akaita jina yangu. Akasema, "Mama yako mudogo amelala. Siku ya tatu. Uso yote."

Nilirudi biro nikakaa. Anselemu alinisoma uso, akainama. "Enda kwa Muzungu, sema ule wa buku iko mugonjwa. Atajua nini?"

Njo nilienda kuombea mufu ruhusa. Ajenti alifungua buku, akaweka kidole juu ya jina ya dada yako.

"Iko mugonjwa sana?"

"Sana, Bwana."

"Atapona?"

"Sizani, Bwana."

Akaandika karatasi ya njia. Nikaipiga tampo. Nikabeba blanketi na chumvi, nikatoka. Na kwa mukono nilikuwa na alama ya chanjo, ile yenye wewe ulikataa, ulikimbilia shambani siku munganga alipita, ukasema damu yako haiko ya Leta. Mimi nilichanjwa. Munganga aliniambia hainikamati. Kumbuka hii, sababu watu wanaweza kunitetea kwamba niliogopa kufa.

Njia ilikuwa tupu. Nyabiondo milango imefungwa mchana. Mama mumoja aliweka kibuyu ya maji katikati ya njia, akarudi nyuma mbio mbele sijafika, akaninyooshea mukono kwamba nikunywe na nisiirudishe. Nilikunywa. Tokea pale nilianza kusikia ngozi yangu inawasha pahali hakuna kitu.

Siku ya pili nikafika kwa kijito, pale walifunga kamba ya pori kutoka muti mumoja mpaka mwingine. Na nani analinda? Bonifasi, mutoto wa Ntoto, ule ulimupiga siku tuliiba majani yako ya sombe. Alivaa kofia ya polisi, lakini miguu ilikuwa ile ile. Alichukua karatasi, akasoma, akanitazama.

"Unaenda kutazama mama yako huyu?"

"Njo yeye."

"Alikufa tungali tunatambaa, kaka."

"Najua."

Akacheka kidogo puani. Akakunja karatasi, akanirudishia. "Mimi sijui kusoma," alisema. Na akashika kamba, akainyanyua juu ya kichwa yake. "Pita. Lakini ukipita, utabaki kule mpaka watafungua."

Mama, kamba ilikuwa juu. Njo hii niko nakuambia.

Nilimuuliza kule kuko namna gani. Akasema kwa jirani yako wamefunga mulango na miti kwa inje, na ndani kuko muntu anakohoa. "Na kwa mama?" Akasema, "Kwake iko wazi. Mbwa tu njo inaingia na kutoka." Nilisikia harufu, ao nilizani nasikia. Ilikuwa kama maboga imeoza. Nilitazama ngambo, njia inapanda mu migomba, hakuna muntu, hakuna moshi, hakuna jogoo. Bonifasi bado anashika kamba juu, akabadilisha mukono.

"Kaka, unangoja nini? Mukono inauma."

Nikasema, "Sheria inanikataza. Karatasi iko ya mama mwingine."

Hakucheka, hakunitukana. Akashusha kamba pole pole, kama muntu anashusha mutoto amelala. Akasema, "Acha basi blanketi hapa."

Nikaiacha. Nikaacha na chumvi. Nikarudi, na kwa njia nilikuwa natembea haraka, na mu moyo, uniangalie vizuri, mu moyo nilikuwa namushukuru Ajenti, na buku yake, na sheria yake yenye nilimutungia mwenyewe.

Wewe ulipona. Jicho ya kushoto ilibaki kule, na uso ikakuwa kama mawe ya kijito, lakini ulipona, ukaja Masisi kunitafuta, unaegemea fimbo. Nilikuambia nilifika mpaka kamba, wakanirudisha juu ya mama aliyekufa. Halafu ukaanza kucheka. Ukakaa chini kwa ngazi ya biro, ukasema, "Leta ni wazimu. Muntu ananyimwa mama muzima juu ya mama mufu." Miaka yote ukawaambia watu, kwa ndoa, kwa matanga, kwa pombe ya kasikisi, mutoto wangu alitembea siku mbili, wakamufungia. Na unaniita, "Iga Bonifasi." Nami ninasimama, naweka kofia ya majani, nakunja uso, naiga Bonifasi ananikatalia: "Rudi nyuma, weye, hii haiko mama yako!" Na unacheka mpaka lile jicho moja linatoa machozi, unasema, "Rudilia tena ile ya kamba."

Bonifasi mwenyewe alikuwa pale mara moja, kwa matanga ya muntu. Alitazama chini mu kikombe yake. Ile ya kamba hakuisema mpaka tulimuzika.

Mara moja tu uliniambia ingine. Tulikuwa tunachambua maharagi, na ukasema bila kunitazama, "Kule ndani, kila mbwa ikigusa mulango, nilisema, huyo njo yeye." Halafu ukaendelea kuchambua. Nikaiga haraka haraka kutembea ya Padri. Hukucheka sana.

Sasa mimi njo muzee. Wewe umelala Ntoto miaka mingi, na meno ulinitafunia ndizi mpaka nikapata, imekwisha tena. Padri wa sasa ni kijana, hata tumbo hana, hakuna kitu ya kuiga. Jumapili alisema kule juu kila jicho itafunguka, vipofu wote wataona. Watu wakaimba kwa furaha. Mimi nilishika benchi. Ndui siiogopi tena, wanasema imekwisha mu dunia. Naogopa ile jicho ya kushoto. Naogopa nitafika, na utakuwa umekaa mu majani na kikapo yako, utanitazama na yote mbili, utasema, "Niigie, nione." Na nitaiga nini? Muntu amesimama mbele ya kamba iko juu.

Njo nimekutangulizia barua, uijue mbele sijafika. Ukitaka kucheka, cheka. Ukitaka fimbo, iko.

Na jina yako, sikuliandika pahali popote maisha yangu yote, hata kwa musalaba yako nilimupa mwingine kazi ile. Mukono ilikataa. Leo buku ile imeliwa na mchwa, na wewe hakuna kitu inaweza kukufanya tena, kwa hiyo naandika, na herufi kubwa, vile Ajenti alitaka, mama mumoja tu:

MWAMINI, WA NTOTO.

Mutoto wako,
ule alibakia upande huu ya kamba